Maji Baridi Namba Ishirini na Saba

Jumatatu, 6 Mei

Nafasi moja! Watu wawili, nafasi moja. Daktari, mkuu wa maabara yetu, ametangaza leo asubuhi akiwa mlangoni, mkono ungali kwenye kitasa, kama mtu anayetoa taarifa kwamba umeme utakatika saa nne. Mkataba wangu na wa mwenzangu Chumvi unaisha mwisho wa mwezi. Maabara itabakiza mtafiti mmoja. Ijumaa ya wiki ijayo watakuja wageni watatu, watatusikiliza, watachagua. Akafunga mlango. Akaufungua tena, akasema tusigombane.

Nani agombane? Mimi na Chumvi hatuzungumzi kiasi cha kufikia kugombana.

Niyaandike mambo yalivyo, ili siku moja haki ijulikane. Maabara yetu inatafuta vimwani, yaani mwani mdogo kuliko vumbi, ule ambao watu wakiuona majini husema maji yameingia uchafu. Uchafu! Kila kimwani kina tone la mafuta ndani yake. Ukipata aina yenye tone kubwa, ukaikuza kwa wingi, ukaikamua, unapata mafuta ya kuendeshea injini. Chumvi anakusanya vya maji chumvi: mikokoni, juu ya mawe, kwenye vidimbwi bahari ikipwa. Mimi nakusanya vya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi: mito, visima, madimbwi, mifereji. Yeye wakamwita Chumvi, jina la heshima kabisa. Mimi nilitarajia kuitwa Chemchemi. Wananiita Mtaro.

Hesabu ya leo: Chumvi aina thelathini na moja. Mimi ishirini na sita. Bahari inampendelea. Anachota ndoo moja anapata ukoo mzima na wajukuu. Mimi kila aina nimeipigia magoti kwenye tope.

Amenipita koridoni, akaniambia nisikate tamaa dada, hata mtaroni kuna maisha. Dada! Namzidi miezi minne tu.

Nikikosa nafasi hii, aina zangu zote zitamwagwa kwenye sinki, maana hakuna atakayezilisha. Nami nitapelekwa hospitali anakofanya kazi Mama mdogo, ninayekaa kwake, kupanga mafaili kwenye chumba cha chini. Ameshaniulizia. Anasema kiti kipo. Dirisha halipo.

Jumanne, 7 Mei

Mkakati wa kwanza: kuongeza idadi. Popote penye maji yaliyosimama nitachota.

Nimeanza na sahani iliyo chini ya chungu cha maua ofisini kwa Daktari. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza yake alipoingia na simu sikioni. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akamwambia mtu wa kwenye simu kwamba atampigia baadaye. Halafu akaniuliza, kwa upole uliokuwa na miiba, kama ninajisikia vizuri siku hizi.

Kisha bakuli la maji la paka wa mlinzi. Mlinzi ameeneza habari jengo zima: msomi mzima, miwani na shahada, anamwibia paka maji. Nilichota vijiko viwili! Paka mwenyewe hakulalamika.

Mavuno ya siku nzima, sehemu saba: zote ni aina yangu namba tatu. Namba tatu iko kila mahali. Namba tatu haina mafuta wala haya.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mama mdogo kanipokea na malalamiko: maji ya bafuni yananuka dimbwi. Yeye ni muuguzi, pua yake haidanganywi. Akaniagiza nipande nikatazame tangi la juu ya paa. Nikapanda nikinung'unika, ngazi ikinung'unika chini yangu. Mfuniko umepasuka, jua linaingia kutwa nzima. Nikaufunua.

Kijani! Kijani kitupu, kinachong'aa! Nimejaza kikopo. Nimemwambia Mama mdogo kwamba ni madini.

Jumatano, 8 Mei

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nimeweka tone la maji ya tangi chini ya hadubini. Viduara vidogo vya kijani, vimetulia, havina papara. Nikatia rangi ya kupimia mafuta, nikawasha taa ya bluu. Chini ya taa ile mafuta hung'aa dhahabu. Kwenye aina zangu nyingine dhahabu ni punje. Kwenye bora ya Chumvi, nimeiona, dhahabu ni theluthi. Kwenye hii ni kama kiini cha yai kilichoufukuza ute wake! Aina nzima ni mafuta yaliyovaa koti la kijani.

Miezi minane nimetambaa kwenye kingo za mito, kumbe alikuwa juu ya kichwa changu nikioga.

Namba ishirini na saba. Kwa siri nimemwita Malkia. Nililia kidogo, nikaipangusa hadubini. Chumvi akapita, akauliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo, mafua. Akaniletea karatasi laini na ndimu. Mnafiki.

Jioni Mama mdogo kasema amempigia fundi bomba aje kesho kusugua tangi. Nimejifungia chumbani nikampigia fundi mimi. Nimemwambia asihangaike, tumehama.

Alhamisi, 9 Mei

Tabia ya Malkia ni kinyume cha viumbe wote. Ukimlisha, anazaliana lakini anabaki mwembamba. Ukimnyima chakula, anaacha kuzaa na kuanza kunenepa. Mafuta ni akiba yake ya siku mbaya. Nilimweleza Mama mdogo wakati wa chakula, bila kutaja tangi. Akasema anamjua mtu mmoja tu wa namna hiyo, na ni mimi wakati wa mitihani.

Kwa hiyo mpango ni huu: kwanza nimlishe azae wengi, halafu nimnyime anenepe. Nimekwenda kwa mtunza bustani wa maabara kumwomba mbolea ya yuria. Akauliza shamba langu ni ekari ngapi. Nikasema dogo, na limesimama wima. Hakuuliza tena. Akanipa mfuko mzima na kunitazama kwa huruma.

Saa kumi na moja jioni nimepanda juu ya paa. Vikombe vitatu. Nimekoroga kwa mti wa ufagio.

Jumapili, 12 Mei

Tangi limechanua. Maji yamekuwa mazito kama uji mwepesi. Sijawahi kuona kitu kizuri kiasi hiki.

Sasa yaliyotokea mchana. Jumapili Mama mdogo hufua sare zake za kazi. Tatu, nyeupe, za kutumia wiki nzima. Leo alizifua kama kawaida, ndani ya beseni la plastiki la rangi ya kijani, ndiyo maana hakuona kitu mpaka alipozikamua. Zilitoka na rangi ya embe bichi.

Mama mdogo hapigi kelele. Angepiga kelele ningejitetea. Alizianika zote tatu kwenye kamba, akazinyoosha mikono, akaleta kiti, akaniambia nikae nizitazame. Nikakaa. Nikazitazama. Akaleta kiti cha pili akakaa kando yangu, naye akazitazama. Tulikaa hivyo kama watu wanaongoja kuitwa kwa daktari.

Mwishowe akauliza hayo mafuta yangu yamewahi kukaanga hata yai moja. Nikasema si mafuta ya kupikia. Akauliza basi yamewahi kuwasha hata utambi. Nikasema sayansi haiendi hivyo. Akasema yeye kesho anakwenda kuwachoma watu sindano amevaa rangi ya chura, na wagonjwa watamuuliza, na yeye atawajibu sayansi haiendi hivyo.

Kisha akampigia fundi kuuliza kwa nini hakuja. Nilimwona akisikiliza. Nilimwona akigeuka kunitazama. Akashusha simu taratibu, akaniuliza, mwanangu, tumehamia wapi?

Nimelia, nimebembeleza, nimepiga magoti halisi. Nimempa habari zote: nafasi moja, wageni, Malkia, chumba kisicho na dirisha. Hatimaye kasema fundi ataingia na dawa Alhamisi asubuhi, si dakika moja zaidi. Mpaka siku hiyo maji yote ya nyumba nitayabeba mimi kwa ndoo kutoka kwa jirani. Na sare nitazisugua kwa ndimu mpaka ziwe nyeupe.

Kwa ndimu ya Chumvi! Ndiyo pekee iliyokuwamo ndani. Fedheha.

Jumatatu, 13 Mei

Nimefika maabara na madumu mawili ya maji ya tangi. Mlinzi akauliza kama haya nayo ni ya paka. Nikampita na madumu yangu.

Nimeyaacha yatulie hadi vimwani vikazama chini, nikamwaga maji ya juu, nikarudia, nikarudia. Madumu mawili yamekuwa chupa moja. Nimevihamishia kwenye maji matupu yasiyo na lishe yoyote. Njaa imeanza leo saa tisa alasiri. Samahani, Malkia. Ni kwa faida yetu sote.

Nikiwa nasubiri, daftari la Chumvi lilikuwa wazi mezani kwake. Limefunuka lenyewe, kwa upepo. Upepo ulifunua kurasa kumi na mbili. Na nikaona! Namba yake ya kumi na mbili na ya kumi na tisa ni aina moja! Moja ni changa, nyingine imekomaa. Amemhesabu mtoto na mama kama wageni wawili wasiojuana. Nyani haoni kundule.

Nimeandika barua isiyo na jina, nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Sentensi nne. Baridi. Za kisomi.

Jumanne, 14 Mei

Daktari amejibu kwenye ubao wa matangazo, hadharani. Ni kweli, Chumvi namba kumi na mbili na kumi na tisa ni aina moja. Vilevile Mtaro namba tisa na kumi na nne ni aina moja, alikuwa anangoja nitambue mwenyewe. Mwisho akamshukuru mwandishi wa barua kwa mwandiko wake mzuri, unaotambulika kutoka mbali.

Ndiyo, mwandiko wangu ni mzuri. Nilizawadiwa kwa mwandiko huu nikiwa darasa la sita. Nifanye nini, niandike vibaya kwa makusudi?

Sasa yeye thelathini, mimi ishirini na sita pamoja na Malkia. Sijasogea hata hatua.

Baya zaidi: Chumvi amekuja kunishukuru! Eti nimemwepusha na aibu mbele ya wageni, eti yeye peke yake asingeona. Akanipa mkono. Mtu wa namna gani huyu? Adui ukimpiga hutakiwi kupokea shukrani. Nimeshindwa kula mchana.

Jumatano, 15 Mei

Nimemfumania. Nilitoka kidogo kunawa, nikarudi, Chumvi amesimama kwenye rafu yangu na chupa ya Malkia mkononi, ameielekeza dirishani. Aliirudisha taratibu. Akasema ni kitu kizuri mno, hajaona mafuta ya namna hiyo hata baharini. Kisha akauliza kama nimeshamweka sehemu mbili. Ukutani pana tangazo la Daktari tangu enzi: KILA AINA IKAE SEHEMU MBILI. Nikamjibu naam, nimeshamweka. (Sehemu ya pili ni tangi. Mpaka kesho asubuhi.)

Macho yake yalikuwa na jambo. Mtu hasifii kitu cha mwenzake bure.

Lazima nimfiche Malkia. Friji la maabara halifai, nusu yake ni chupa za Chumvi, anaingiza mkono humo saa yoyote. Nikafikiri sana. Ndipo akili ikanijia: friji la chumba cha chai! Nani atatafuta utafiti kati ya maziwa na siagi? Giza na ubaridi wa siku mbili hautamdhuru; ameshanenepa, atalala tu.

Nimemhamishia kwenye chupa ya chuma, ile yenye kifuniko cha kuzungusha, mtu asione rangi. Ikabaki lebo. Nilifikiria kuandika DAWA YA MINYOO. Ingekuwa salama. Lakini mimi ni mwanasayansi. Sijawahi kuandika uongo kwenye chupa na sitaanza kwa sababu ya Chumvi. Nikachukua kalamu nene, nikaandika ukweli, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko ule ule wanaousema:

MAJI BARIDI 27.

Nimelala mchana huu nusu saa, usingizi wa mtu mwenye dhamiri safi.

Alhamisi, 16 Mei

Fundi amekuja na brashi na dawa ya klorini. Akaniuliza huko tulikohamia maji yakoje.

Nilisimama chini nikitazama bomba la paa likitapika kijani. Dakika arobaini. Kiliteremka ukutani, kikapita kwenye ndala za Mama mdogo, kikaingia mfereji wa barabarani. Mafuta ambayo yangeendesha gari kutoka hapa hadi, sijui, mbali. Fundi alikuwa anapiga mluzi. Mama mdogo alitoka, akafungua bomba, akanywa glasi nzima mbele yangu, akasema ahaa.

Sasa Malkia yuko mahali pamoja tu duniani. Chupa moja. Nimekwenda kumtazama mara tatu. Yupo, nyuma ya jamu.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha bafuni. Dakika kumi na mbili. Mahali pa kutulia, mahali pa kupandisha sauti. Mwishoni nitainua chupa.

Ijumaa, 17 Mei

Nitaandika yote, hata kama kalamu itatoboa karatasi.

Wageni walifika saa nne. Mwenyekiti, mzee mwenye mikono mirefu. Mama mmoja mwenye daftari jeusi. Na mhandisi wa injini, mnene, aliyeloa jasho kabla hajakaa. Kiyoyozi cha chumba cha mikutano kilikuwa kimekufa tangu juzi. Watu walijipepea kwa muhtasari wangu. Kurasa zangu!

Chumvi alianza. Alizungumza vizuri, sikatai. Aina thelathini, picha nzuri, mikoko, mawimbi, watu wakatikisa vichwa. Akasema bora yake ina mafuta theluthi ya uzito ikikaushwa. Akasema pia kwamba maji baridi yana maajabu yake, mtasikia kwa mwenzangu. Kunivuruga tu.

Halafu mimi. Nilianza kwa sauti ya chini kama nilivyopanga. Nikaonyesha picha ya Malkia chini ya taa ya bluu, nikamtaja kwa jina. Mhandisi aliacha kujipepea. Nikasema zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Mama wa daftari aliandika, akapiga mstari chini yake, nikauona mstari! Daktari alikuwa karibu kutabasamu, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Mwenyekiti akasema haya binti, tumwone huyo Malkia mwenyewe.

Nikasema kwa unyenyekevu, dakika moja tu.

Chumba cha chai. Friji. Maziwa. Siagi. Jamu. Nyuma ya jamu, hewa.

Mhudumu wa chai alikuwa kwenye sinki na mgongo umenielekea, anaimba. Kando yake, kwenye kichanja cha vyombo, chupa ya chuma imepinduliwa kichwa chini. Inang'aa. Imeoshwa na sabuni. Nikamuuliza yaliyokuwamo yako wapi. Akasema wageni waliomba maji baridi, joto lile jamani, naye kufungua friji kakuta chupa imeandikwa kabisa MAJI BARIDI. Akasifu mwandiko. Eti hata miwani hakuhitaji.

Nilikimbia. Mezani pana glasi tatu. Vimwani vikikaa kwenye ubaridi huzama, nilijua, ndiyo maana maji ya juu huwa meupe. Mwenyekiti alipata ya juu, amemaliza. Mama wa daftari alipata ya kati, amemaliza. Wa tatu kumiminiwa alikuwa mhandisi. Glasi yake, ile nene ya kahawia ya wageni, ilikuwa na funda moja la mwisho. Nami naingia, yeye anainua.

Nikapiga ukelele asimeze.

Akameza.

Akauliza kwa nini. Nikamwambia amemmeza Malkia. Akauliza kama atakufa. Nikamwambia yeye hafi, ni maji ya tangi la nyumbani, aliyekufa ni mimi. Akasema alidhani yana tango ndani, akadhani ni ukarimu.

Daktari alifunika uso. Mama wa daftari akauliza, maji ya utafiti yalikuwa yanafanya nini kwenye friji la chai, na kwa nini yaandikwe maji baridi. Nikasema kwa sababu ni maji baridi! Kinyume cha maji chumvi! Kila mwenye elimu anajua! Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu anayetafakari, kwamba kwa kweli yalikuwa pia ya baridi. Kwa hiyo chupa ilisema kweli mara mbili.

Hapo Chumvi akanyanyuka, akatoka. Nikajua amekwenda kucheka. Akarudi na mrija wa kioo, ndani yake kijani. Akauweka mbele ya Daktari. Kipande cha karatasi kimebandikwa: 27, SEHEMU YA PILI. Alichota matone machache Jumatano, akayalisha, akayaweka kwenye dirisha lake.

Mwizi!

Ndiyo, nililisema. Neno moja tu, ila chumba kile kina mwangwi.

Waliliweka tone chini ya hadubini, wakapokezana. Dhahabu. Mhandisi alitazama muda mrefu kuliko wote, mkono mmoja tumboni. Mwenyekiti akamuuliza Chumvi kwa nini alifanya hivyo kwa aina isiyo yake. Akasema tangazo liko ukutani.

Anajifanya malaika. Ameniibia mbele ya macho yangu na wakampigia makofi.

Jumatatu, 20 Mei

Nafasi amepewa Chumvi.

Naandika tena ili nizoee. Nafasi amepewa Chumvi.

Daktari aliniita, akaniambia nikae. Aina yangu ndiyo bora kupita zote, za chumvi na za baridi, hilo halina ubishi. Mhandisi mwenyewe ameandika hivyo, ameongeza kwamba hajapatwa na lolote isipokuwa hamu kubwa ya kula. Lakini maabara, kasema Daktari, haiwezi kumkabidhi rafu mtu anayeficha kazi yake mpaka ikanywewa.

Hata hivyo. Nitapewa miezi mitatu ya majaribio, chini ya Chumvi. CHINI YA CHUMVI. Nikiweza kumkuza Malkia kwa wingi wa kutosha kuwasha injini ndogo ya mhandisi, nitabaki. Nikishindwa, kwaheri. Akaongeza kwamba aliyekuja kuniombea ni Chumvi mwenyewe. Nani kamtuma? Sasa nitadaiwa fadhila mpaka uzee!

Masharti ni matatu, ameyapiga chapa, nitie sahihi. Kwanza, nimpelekee mhandisi barua ya kuomba radhi kwa mkono wangu. Pili, kila aina ikae sehemu mbili. Tatu, nisiguse maji yasiyo yangu, ya paka, ya maua, ya nyumba wala ya mtu yeyote.

Mama mdogo amesoma karatasi yote, nyuma na mbele. Akasema nitie sahihi kabla hawajabadili mawazo, maana ameshamwambia mtu wa mafaili kwamba siji, na hataki kwenda kumwambia tena kwamba naja. Kisha akanikumbatia, jambo ambalo hatulifanyi sana. Sare yake bado ina kijani kwenye kwapa.

Nimetia sahihi. Moyo wangu haukutia.

Jumanne, 21 Mei

Nimepeleka barua. Kurasa mbili, mwandiko wangu bora kabisa. Mhandisi alinipokea vizuri sana, kanikaribisha kiti, kaniagizia soda. Soda iliyofungwa, aliifungua mwenyewe. Akasoma barua akicheka mpaka tumbo likatikisika. Akasema nisijali, vijana lazima wajifunze. Nikasema nimejifunza mengi.

Lakini hebu nieleze kilicho mbele ya ofisi yake. Bwawa! Bwawa la mapambo, la mviringo, limejengwa kwa vigae. Nimelipima kwa hatua: si chini ya lita elfu nne. Jua kutwa nzima, hakuna hata kivuli cha mwavuli. Na ndani yake wanakaa nini? Samaki watatu wekundu. Watatu! Wanazunguka tu, hawazalishi chochote, wakati mimi nimepewa dirisha moja na miezi mitatu, kwa aina ambayo ingeweza kuendesha nusu ya magari ya mji. Ubadhirifu wa namna hii ndio unaorudisha nyuma maendeleo.

Mlinzi wa geti alikuwa anaandika namba ya gari. Kwenye mkoba wangu palikuwa na mfuko wa mbolea uliobaki, na ule mrija wa dirishani kwa Chumvi, ambao niliuchukua asubuhi kwa ajili ya usalama wake.

Mbolea yote. Mrija wote, hadi tone la mwisho.

Na asije mtu akasema nimevunja masharti. Maji ya watu sikuyagusa hata kwa ncha ya kidole, nilimimina nikiwa nimesimama wima. Na Malkia yuko sehemu mbili, kama ilivyoagizwa: nusu nimemweka upande wa kulia wa bwawa, nusu upande wa kushoto.